Chombo Kinachofundisha: Maoni juu ya Kiswahili cha Vyombo vya Kila Siku, kwa Kumfikiria Mwanafunzi wa Basotu

Nia ya makala haya ni kupima lugha ya vyombo vya kila siku kwa kipimo tunachopimia lugha ya kitabu. Wahakiki wetu wamezoea kuhukumu shairi, hadithi na tamthilia, wala si wengi waliokaa kitako wakasoma orodha ya maneno yanayojitokeza katika kioo cha simu, wakaiuliza maswali yale yale tunayokiuliza kitabu: nani asemaye, asema na nani, na msomaji atoka hapo amejifunza nini? Lakini maneno hayo yana wasomaji wengi kuliko diwani yoyote tuliyo nayo, na kwa watu wengine ndiyo Kiswahili pekee cha maandishi wanachokutana nacho tangu siku waliyoacha shule. Maandishi ya namna hiyo hayafai kuachwa bila mhakiki.

Nimechagua Basotu iwe mizani ya kupimia, nami sina budi kueleza kwa nini.

Mahali penyewe

Basotu imo katika Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, penye ziwa la jina hilo pamoja na viziwa vya kreta vilivyo jirani yake, katika uwanda wa juu ulio upande wa magharibi wa mlima Hanang. Ni nchi ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, na pamoja nao wamo Wairaqw na watu wa kabila nyingine waliohamia kwa kilimo na biashara. Mwanachuoni wa lugha ajua kwamba sehemu hii ya Tanzania, kuanzia Mbulu kwenda Kondoa na Singida, ni mahali adimu katika Afrika nzima. Kidatoga ni lugha ya Kiniloti. Kiiraqw ni ya Kikushi. Kinyaturu na Kirangi ni za Kibantu. Na si mbali na hapo husemwa Kihadza na Kisandawe, lugha zenye sauti za vidoko. Ni nadra kuona lugha za nasaba zilizotengana hivyo zikiishi ujirani.

Basi Kiswahili katika Basotu ni lugha ya mnada, ya zahanati, ya mkutano wa kijiji na ya darasa la kwanza. Lakini tusisahau kwamba kwa mtoto wa Kibarabaig Kiswahili si binamu wa lugha ya mama yake. Mtoto wa Kisambaa au wa Kizigula akianza Kiswahili hukuta nyumba ambayo vyumba vyake anavijua: ngeli anazo, upatanisho wa kisarufi anao, vitenzi vya kutendea na kutendesha anavyo, ila maneno tu ndiyo yamebadilika. Mtoto wa Kidatoga hana ngeli za namna hiyo, na katika lugha yake kitenzi hutangulia mtenda. Kumwambia "kitabu kimoja, kalamu moja, jiwe moja, miti miwili" ni kumfundisha desturi ambayo kwao haiko kabisa.

Iko sababu ya pili. Basotu imekwisha kuona ufundi mkubwa ukija na kupita. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, serikali ilianzisha kilimo cha ngano katika nyanda hizo. Na baadaye yakawako mashamba saba ya NAFCO, shirika la taifa la kilimo na chakula, kila moja likiwa na ekari elfu kumi hivi, yakilimwa kwa trekta kubwa na kuvunwa kwa mashine. Ngano ilipatikana, na mafundi na mameneja wa Kitanzania walifunzwa kazi. Lakini mfugaji aliyekuwa akichunga mahali hapo hakuhesabiwa kuwa mwanafunzi wa mashine hizo. Kwake zilikuwa ni jambo lililomwondoa malishoni, hata mwaka 1981 kijiji cha Mulbadaw kikafungua kesi juu ya ardhi yake katika Mahakama Kuu. Msaada wa Kanada ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nataja habari hii kwa sababu inatuachia swali ambalo yafaa kuulizwa kila chombo kipya kifikapo: je, chombo hiki chamwona mtu aliyepo hapa, au chamwona mtu mwingine aliyeko mbali?

Simu ya vibonye

Chombo cha kwanza nitakachokipima ni simu ndogo ya vibonye, ambayo watu huiita kitochi, pamoja na huduma ya kutuma fedha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na makampuni mengine yakafuata. Wenye kuitengeneza hawakusema kuwa wanajenga shule. Hata hivyo yatupasa kukiri kwamba hakuna somo la Kiswahili cha maandishi lililoenea vijijini upesi kama orodha ile fupi: tuma pesa, toa pesa, salio, ingiza namba ya siri. Mchungaji aliyeuza dume mnadani huisoma orodha hiyo kwa makini kuliko mwanafunzi asomaye kitabu cha mtihani, kwa kuwa akikosea hasara ni yake.

Tuyatazame maneno yenyewe. "Ingiza" ni chaguo jema. Mfugaji ajua kuingiza ndama zizini, na kuingiza tarakimu katika simu ni mwendo ule ule wa kitu kutoka nje kwenda ndani. "Salio" nalo ni zuri, maana limetoka katika "salia" kwa njia ya kawaida ya Kiswahili, na ajuaye kitenzi hahitaji kufundishwa jina. Lakini "toa" ina kasoro ambayo sijaona ikisemwa. Kitenzi hiki kina nyuso mbili. Mtu atoa sadaka: mali yamwondoka. Mtu atoa maji kisimani: maji yamjia. Orodha ya simu yakusudia uso wa pili, lakini mtu aliyejifunza Kiswahili mnadani amezoea uso wa kwanza, "toa hela", yaani lipa. Aongezaye ugumu ni wakala mwenyewe, kwani machoni pa mteja ndiye atoaye noti. Neno "chukua" lingekuwa wazi zaidi, ingawa halina hadhi ya benki.

Jambo la kujifunza hapa si neno moja, bali namna mtu anavyofundishwa. Asiyejua kusoma hushika mpangilio: moja, kisha tarakimu za simu, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Huo ni usomaji wa aina yake, na kwa wengine umekuwa mlango wa kuingilia usomaji wa kweli, maana tarakimu huja kwanza na maneno yaliyo kando yake huzoeleka polepole. Tena huduma hii ina wema mmoja ambao vitabu vingi vya kiada havina: kabla ya fedha kuondoka, yamrudishia mtu jina la mpokeaji na kumtaka athibitishe. Yaani yamwonyesha alichofanya kabla ya kumhukumu. Lakini msingi wake ni dhaifu, kwa sababu kampuni ikigeuza mpangilio wa orodha, elimu yote ya yule aliyeshika mpangilio huvunjika siku moja, bila yeye kuambiwa. Naye hulazimika kumpa kijana simu pamoja na siri yake. Mwandishi wa kitabu cha kusomea hathubutu kubadili herufi katikati ya mwaka. Mtengenezaji wa orodha athubutu, kwa kuwa hajijui kuwa ni mwandishi.

Maneno yaliyoundwa

Katika vyombo vikubwa zaidi, yaani kompyuta na simu za kioo, kazi ya kuandika Kiswahili ilianza kwa bidii miaka ya 2000. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Kazi ile yastahili heshima, kwani ilithibitisha kwa vitendo kwamba lugha yetu yaweza kubeba mambo hayo.

Tukiyapanga maneno yaliyopatikana tangu wakati huo, twaona makundi mawili. Kundi la kwanza ni la maneno ya zamani yaliyopewa kazi mpya. "Pakua" lilikuwa la shehena na la wali. Leo ni la programu. "Bofya" lilikuwa la mtu aminyaye embe kwa kidole kujua kama limeiva. Leo ni la kitufe. "Buruta" halihitaji maelezo. Maneno haya yafundisha yenyewe, maana yana picha ndani yake. Kundi la pili ni la maneno yaliyoundwa kwa ustadi wa kitaalamu lakini hayana picha kwa msomaji. "Nywila" ni mfano: msomaji wa kawaida hana ufunguo wowote wa Kiswahili wa kulifungulia. "Nenosiri" hujifungua lenyewe. "Tarakilishi", lililotokana na tarakimu na akili, lilipata makao zaidi Kenya, na Tanzania watu waliendelea kusema kompyuta. Mimi si adui wa maneno mapya. Lugha isiyounda maneno hufa njaa. Ninalolalamikia ni kwamba chombo kimoja husema nywila, cha pili nenosiri, cha tatu neno la siri, na mwanafunzi wa Basotu, ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha yake ya pili, hujifunza jambo moja mara tatu na kudhani ni mambo matatu.

Hata hivyo, kosa la maneno ni dogo likilinganishwa na kosa la sentensi, ambalo wataalamu wetu hawajalipigia kelele ya kutosha. Programu nyingi hazina sentensi zilizoandikwa kamili; zina viunzi vyenye nafasi tupu, na mashine hujaza jina katika nafasi hiyo. Lugha isiyo na ngeli hustahimili jambo hili. Kiswahili hakistahimili. Kiunzi kikiandikwa "umechagua ... moja", kalamu itapita salama, lakini kitabu kitatoka "kitabu moja" na jiwe litatoka "jiwe moja" sawasawa, kwa bahati tu. Kiunzi kikiandikwa "... imefutwa", picha moja itapita, picha tatu hazitapita, na ujumbe, barua na majina kila kimoja kitakuwa na bahati yake. Tena mfasiri mara nyingi hupewa orodha ya mafungu yaliyokatwakatwa, bila kuona mahali yatakapokaa, kwa hiyo kosa hilo hata yeye haliwezi.

Mtu wa Unguja akisoma "kitabu moja" hucheka akaendelea. Mtoto wa Basotu hacheki. Yeye ameambiwa na mwalimu kwamba ni "kitabu kimoja", naye chombo king'aacho, kilichotoka mbali na chenye kusifiwa na wakubwa, chamwambia vingine. Ni nani atakayemsadiki? Hapa ndipo madhara yalipo. Chombo kibovu hakimnyimi elimu tu; chamfundisha kosa, na chamfundisha kwa sauti ya mamlaka.

Jaribio la Tanga

Kazi kubwa kupita zote zilizowahi kufanywa Tanzania kwa kusudi la kumfundisha mtoto kwa chombo pasipo mwalimu ni ile ya shindano la XPRIZE. Shindano lilitangazwa mwaka 2014. Kuanzia mwisho wa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, vishikwambi vilivyotolewa na Google viligawiwa kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, na vituo vya umeme wa jua vikawekwa ili vipate kuchajiwa. Makundi matano yalifika mwisho, na Mei 2019 makundi mawili, Kitkit School na onebillion, yaligawana ushindi na zawadi ya dola milioni 10. Kabla ya jaribio, zaidi ya sehemu tisa katika kumi za watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada yake hesabu hiyo ilipungua kwa nusu. Tena programu zote tano ziliachwa wazi kwa yeyote apendaye kuzitumia na kuzirekebisha.

Mhakiki mwadilifu hana budi kusifu. Mtoto ambaye hakuwahi kuingia darasani akijua kusoma neno, hilo ni jambo la kushukuru, wala si la kudharau kwa sababu limefanywa na mashine. Wema mwingine ni kwamba Kiswahili kilisikika kwa sauti na kuonekana kwa maandishi pamoja, na mtoto aliyekosea aliruhusiwa kurudia bila fimbo wala aibu.

Lakini nusu waliobaki nao ni watoto. Kisha twapaswa kuuliza kipimo hicho kilipimwa wapi. Tanga ni nchi ambayo Kiswahili kimekaa karne nyingi pwani yake, na lugha za bara yake, Kisambaa, Kibondei na Kizigula, ni ndugu wa Kiswahili. Programu inayomtaka mtoto aone picha, ataje jina lake, kisha atambue sauti ya kwanza ya jina hilo, yachukulia kwamba jina analo tayari, ila herufi ndiyo ngeni. Kwa mtoto wa Tanga huenda ni kweli. Mtoto wa Kidatoga hulitaja jina la ng'ombe, maziwa au mvua kwa lugha yake, na sauti ya kwanza anayoisikia kichwani siyo ile programu inayoingojea. Hapo ameulizwa maswali mawili kwa mara moja, la lugha na la herufi, naye akikosea hatajua ni katika lipi. Programu itamwambia jaribu tena. Atajaribu tena katika giza lile lile. Kwa hiyo ushindi wa Tanga ni ushindi wa kweli wa Tanga. Haujawa ushindi wa Basotu mpaka upimwe Basotu.

Somo la redio

Twadhani fikra hizi ni mpya, kumbe wazee wetu walikwisha kuzishughulikia kwa chombo duni kuliko kishikwambi. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, nchi nzima, kwa muda wa majuma 12. Redio haiwezi kujibu swali, wala haijui kama msikilizaji ameelewa au amelala. Walioitengeneza kampeni hiyo waliujua upungufu wa chombo chao, wakaujaza kwa watu: kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, kulikuwa na kijitabu cha kufuata, na baada ya kusikiliza watu walijadiliana kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mahali ambapo Kiswahili cha redio kilikuwa kizito, mwenzako aliyeketi kando aliweza kukufafanulia kwa lugha ya nyumbani. Lugha ya kienyeji haikuwamo katika mpango, lakini ilikuwa na nafasi ya kukaa.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka wasomaji waiangalie. Redio ya mwaka 1973 ilikuwa bubu kwa maswali, lakini iliwaacha watu waseme. Kishikwambi cha leo husema, husikiliza na hutoa alama, lakini kwa umbo lake humvuta mtoto mmoja peke yake pembeni. Kama chombo chamwelewa, vema. Kama hakimwelewi, hakuna jirani wa kumwauni.

Yanayopasa kufanywa

Baada ya Sensa ya mwaka 2022, serikali ya Tanzania iligawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Basi swali si tena kama vyombo vitafika. Vimekwisha fika mikononi mwa mwalimu, na hilo kwangu ni jambo jema kuliko vingepelekwa kwa mtoto peke yake, maana mwalimu ndiye kiongozi wa kikundi. Lililobaki ni kuvifanya vyombo hivyo vimjue mtu aliyepo.

Naona mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, wataalamu wa Kiswahili wasiitwe mwishoni kufasiri orodha, bali waitwe mwanzoni, sentensi zinapojengwa, ili hakuna kiunzi chenye nafasi tupu kitakachopita bila kuhesabu ngeli. La pili, chombo cha kufundishia kimpe mwalimu au mzazi nafasi ya kutia sauti yake, ili jina la kitu lisikike kwanza kwa Kidatoga au Kiiraqw, kisha kwa Kiswahili, ndipo herufi ifuate. Jambo hili halihitaji mitambo ya ajabu. Kunasa sauti ni kazi ambayo hata simu nafuu huiweza. La tatu, neno moja lichaguliwe kwa jambo moja, na mpangilio wa orodha usibadilishwe ovyo, kama ilivyo ada ya kitabu cha kiada.

Wako watakaosema kwamba kuziingiza lugha za nyumbani ni kukidhoofisha Kiswahili kilichotuunganisha. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani katika Basotu penyewe, ambapo Mbarabaig na Mwiraqw hukutana mnadani, bila Kiswahili wasingeelewana. Lakini Kiswahili kilienea bara kwa kukaribishwa na wenyeji waliokifafanua kwa lugha zao, kila mtu nyumbani kwake. Hakikupungukiwa na kitu kwa kufafanuliwa hivyo. Kitakachokidhoofisha ni mtoto anayekariri "kitabu moja" kwa sababu kioo kimesema, na mtoto aliyetoka darasa la kwanza akiamini kwamba Kiswahili ni kitendawili alichoshindwa.

Mashine za ngano zilipofika Basotu, hakuna aliyemwuliza mchungaji anaziita nini. Vyombo vya sasa ni vidogo, vyakaa mfukoni, na ni vya kusema. Waviandikao wakikumbuka kwamba wanaandika, na wahakiki wakikumbuka kusoma, huenda safari hii mambo yakawa mengine. Haya ni maoni yangu, na walio karibu zaidi na lugha za Hanang watayasahihisha palipo na kosa.